Kioo Kinachokubali Kuoshwa

Mama,

Leo nimekiosha kile kioo ninachotengeneza mara ishirini na bado kinasoma sukari. Nimepiga kelele mu labo ya utafiti mpaka wenzangu wakafikiri asidi imenichoma. Nilitaka kukuambia weye wa kwanza. Halafu nikakumbuka hauko, nikakaa chini.

Unakumbuka kule Kibabi, ulipoosha bandeleti, zile karatasi ndogo za kupimia sukari mu damu, ukazianika mu lungo pamoja na maharagi? Muganga wa hospitali alicheka mpaka akashika tumbo. Weye ukakasirika: "Kitu iko muzima, munaitupa juu ya nini? Sahani munazitupa kisha kula?"

Jibu lake mimi sasa ninalo. Mu bandeleti muko molekuli fulani, ni kama mujumbe: inapokea habari ya sukari mu damu na kuifikisha ku mashini. Ukiosha, mujumbe anaenda na maji. Kazi yangu njo kumufunga ku kioo kinachopitisha umeme, asibanduke. Mwanga unapita mu kioo, basi kwa rangi ninaona kama angali pale. Miaka mitatu alikuwa ananitoroka, mujinga yule!

Lakini kuna neno sijamuambia muntu, hata Papa.

Siku ile tulipokimbilia Kashebere, asubuhi ulikuwa umejidunga sindano ya kushusha sukari. Risasi zikalia, tukaacha chakula ku moto. Njiani ukaanza kutetemeka, jasho likakutoka. Mama mumoja akakuletea chai yenye sukari nyingi. Bandeleti zilikuwa zimeisha, nikakisia tu kwamba sukari imepanda. Nikakunyang'anya kikombe. "Sukari itakuua," nilisema. Uliniomba, "Kidogo tu, mwanangu." Nikakataa. Jua halijazama ukatuacha.

Sukari ilikuwa chini, Mama. Chini! Nilikuja kulijua hilo darasani, profesa akieleza dalili za sukari kushuka moja moja, nikatoka nje somo halijaisha.

Nina hamu nawe, Mama. Hata ugomvi wako ninautamani. Nikisikia muntu anasema Kihunde, lugha yako, ku soko, ninageuka haraka.

Kioo kikiwa tayari nitakileta Kashebere kwa mikono yangu, mutoto wa muntu amupime mama yake, asikisie.

Na Jumapili nitamupigia Papa simu. Mpaka leo anawaambia wageni kwamba nilikutunza vizuri hadi mwisho. Ninaogopa, lakini nitamuambia.

Lala salama, Mama wangu.

Binti yako