Bibi Aanze

Jumanne, 4 Machi

Nimejitia matatani leo, tena kwa kutikisa kichwa tu.

Tulikwenda hospitali kwa ajili ya Chiriku, mjukuu wangu. Si kwa ajili yangu. Amezaliwa bila matundu ya masikio. Vipo vinyama viwili vidogo tu, kama kunde mbili. Tangu uchanga anavaa mkanda kichwani wenye kifaa cha kusikilizia. Kifaa kinatetemesha mfupa wa fuvu, na mfupa unapeleka sauti ndani bila kuhitaji tundu. Sasa ana miaka tisa. Mkanda unambana, unamuuma, na ukilegea kidogo sauti inapotea. Daktari anataka kumtia skrubu ndogo ya titani kwenye mfupa, nyuma ya sikio, kifaa kikae hapo moja kwa moja. Binti yangu anataka. Mkwe anataka. Chiriku hataki.

Walizungumza wao, mimi nikatazama picha ya fuvu ukutani. Mara wote wakanigeukia. Nikatikisa kichwa: ndiyo. Ndivyo nifanyavyo nisiposikia. Nimewakubalia hivyo maofisa, wenye nyumba, wauza duka, tangu tulipokimbia kwetu. Mara nyingi haidhuru.

Wakacheka. Binti akajifunika uso. Chiriku akanijia mbele, akasema polepole nimwone midomo. Alikuwa amemwambia daktari: "Bibi aanze. Bibi akiwekewa, na mimi nitawekewa."

Miaka yote nimeikataa skrubu hiyo! Masikio yangu yanatoa usaha tangu utotoni, vifaa vya kuchomeka tunduni havikai. Daktari alishanishauri, nikamjibu: mzee kama mimi atobolewe fuvu ili iweje?

Chiriku akanipa mkono, kama mfanyabiashara. Nikaupokea.

Alhamisi, 6 Machi

Nimejaribu kujitoa. Nikamwambia nilitikisa kichwa bila kusikia.

"Najua, Bibi. Hata mimi hufanya hivyo darasani." Kisha: "Lakini umeshakubali."

Ameongeza sharti. Nimwambie kila kitu, hata kibaya. Nisiwe kama mama yake, ambaye kila sindano kwake ni mbu tu. Nimeahidi. Safari hii nilisoma midomo vizuri.

Jumatano, 19 Machi

Imekwisha. Ganzi tu, sikulazwa usingizi. Na nilisikia—mimi nisiyesikia!—drili ikinguruma ndani ya kichwa, kana kwamba wanajenga ghorofa juu yangu. Mfupa unasikia kweli. Nilikuwa nimeyasoma hayo vitabuni. Kuyaamini ni leo.

Chiriku alinisubiri mlangoni. Iliuma? Sindano ya ganzi iliuma, nikamwambia. Sana? Sana. Drili je? Hapana, ila inatisha. Akaridhika, zaidi ya vile ambavyo angeridhika kwa uongo.

Mkwe akaitazama bandeji yangu. "Mama, sasa wewe roboti. Usiku tukuchomeke ukutani upate chaji." Chiriku akamkanyaga mguu.

Jumapili, 6 Aprili

Kusubiri. Mfupa ushikamane na titani kwanza, ndipo kifaa kitiwe. Sikai, sitembei. Nafungua kitabu, nausoma ukurasa uleule, nakifunga. Nakisafisha kishikizo—ndivyo tunavyokiita kichuma kinachochomoza—kwa brashi laini na maji ya uvuguvugu. Chiriku anasimamia kama mwalimu mkuu. "Pembeni pia, Bibi. Usifanye haraka haraka."

Nawaza jambo la kipuuzi. Kuna sauti nilizokuja nazo. Mama yangu akiniita kutoka uani. Mashine za kiwanda cha uchapaji nilikokuwa nikisahihisha kurasa. Nimezitunza ndani ya kimya na hakuna kilichozigusa. Kelele za hapa zikiingia, zile zitapata pa kukaa?

Sijamwambia Chiriku hili. Je, nalo ni "kila kitu"?

Jumatatu, 9 Juni

Kimewashwa!

Mpimaji wa usikivu alikibandika kifaa kwenye kishikizo: tak. Halafu kiti kikapiga kelele. Viatu. Karatasi! Karatasi ina sauti kali namna hii? Nimefanya kazi na karatasi nusu ya maisha yangu. Mpimaji akaniuliza nasikiaje. Nikajibu, na hapo nikamsikia mwanamke mwenye lafudhi nzito ya kwetu. Nikageuka kumtafuta.

Ni mimi.

Na mimi nilidhani lafudhi ilishaniisha! Kumbe lugha ya hapa nimejifunza kwa macho. Kila neno nalijua linavyoandikwa, na karibu kila neno nalitamka kigeni. Hakuna aliyewahi kuniambia. Au waliniambia, nikatikisa kichwa.

Na Chiriku. Sauti yake nilikuwa naipata kwa mbali, kama ya mtu aliye chumba cha pili. Leo nimeipata yote. Ina mkwaruzo, inapanda mwishoni hata asipouliza. "Bibi, mbona umenikodolea macho?" Nikamwambia aendelee tu kusema. Akanitajia kila alichokiona barabarani mpaka nyumbani. Hatukumpa jina la ndege mpiga kelele bure.

Ijumaa, 13 Juni

Sipendi. Niandike ukweli: sipendi! Sahani. Mlango wa jirani. Kutafuna kwangu mwenyewe, kama ng'ombe zizini. Jokofu halinyamazi. Nikamuuliza binti wanawezaje kuishi na dude lile. "Jokofu limefanya nini, Mama?" Amelizoea hata halisikii tena. Sokoni nilikizima kifaa, nikapumua.

Na ile sauti ya uani—jana nimeitafuta. Ilichelewa kuja.

Nimemwambia Chiriku kuhusu sahani na jokofu. Hakushtuka hata kidogo. "Utazoea. Ila usikifunike kwa kitambaa, kitapiga mluzi." Nikakifunika. Kikapiga mluzi. "Si nimekuambia?"

Akanisimulia kuhusu mtoto wa darasani anayemwita Redio. Yeye humjibu, "Afadhali mimi, redio yako wewe haina betri." Akacheka. Kicheko chake kina kwikwi mwishoni. Sikuwa najua.

Zamu yake ni tarehe tatu mwezi ujao. Anauliza kila asubuhi kama bado iko palepale.

Jumamosi, 28 Juni

Ngozi inayozunguka kishikizo imekuwa nyekundu. Inawasha. Leo nimekuta majimaji kwenye mto.

Nimejifunga kitambaa. Kifaa nimekitoa. Chiriku akauliza, kitambaa cha nini? Vumbi, nikasema. Na kifaa? Betri.

Yalitoka kwa urahisi ulioje!

Jumatatu, 30 Juni

Hospitali, na binti. Muuguzi amesafisha, amenipa dawa ya kupaka. Anasema huwatokea baadhi ya watu, na wengi hupona. Nisivae kifaa mpaka wekundu upungue. Na nisipopona? Wanaweza kubadilisha kishikizo. Na hilo likishindikana? Mara chache sana, wanakitoa. Nilitaka jibu moja, nikapewa matatu.

Tulipotoka, binti akasimama mbele yangu nimwone midomo. "Mama, nakuomba. Usimwonyeshe. Siku tatu tu." Nafasi hii ikipotea, nyingine haijulikani, labda mwaka mzima. Mwaka mwingine wa mkanda, wa kukosa nusu ya anayosema mwalimu.

Nikamwambia nimeahidi.

"Umemwahidi yeye. Na mimi je? Mimi ndiye ninayekaa naye kila jioni, anarudia masomo aliyoyakosa, analia!"

Naye analia, barabarani, watu wanapita wakitukwepa. Tulipokimbia kwetu nilimbeba mgongoni, na njia nzima hakutoa hata sauti moja. Nilikuwa nageuza shingo kila mara kuhakikisha yu hai. Sasa ana mvi mbili tatu, na sijui nimnyamazishe vipi.

Sikumwambia ndiyo. Sikumwambia hapana.

Jumatano, 2 Julai

"Bibi, hicho kitambaa mpaka lini?"

Vumbi, nikasema tena.

Akatazama dirishani. Nje mvua inanyesha.

Akaenda kupanga begi lake. Baadaye nikamkuta amekaa juu yake, kama mtu asiye na uhakika wa safari.

Alhamisi, 3 Julai

Korido ya upasuaji. Naandikia magotini.

Muuguzi amemvua Chiriku mkanda, kwa hiyo sasa tuko sawa, yeye na mimi. Hakuna anayesikia. Kifaa changu kiko mfukoni. Binti yuko dirishani anajibu maswali ya daktari wa dawa ya usingizi. Mkwe amekwenda kutafuta chai ambayo hakuna anayeitaka.

Kitambo kidogo kilichopita Chiriku alinishika ncha ya kitambaa. Angeweza kukivuta chote. Hakukivuta. Alikishika tu, akanitazama.

Nikakifungua mwenyewe.

Aliangalia muda mrefu, karibu sana, mpaka nikahisi pumzi yake shingoni. Nikamweleza, midomo wazi, neno kwa neno: wekundu, majimaji, dawa, majibu yote matatu ya muuguzi. Hata ile sauti ya uani nimemwambia. Binti akageuka, akaniona kichwa wazi. Nilidhani angekuja. Hakuja. Amebaki palepale, mkono mdomoni, na daktari bado anamuuliza maswali.

"Ulisema vumbi," akasema Chiriku. Nilimsoma.

"Nilikudanganya."

Akanuna. Akatazama miguu yake, soksi za hospitali ni kubwa kwake. Kisha akauliza: ningejua haya tangu mwanzo, ningekubali kuwekewa?

Nikafumbua mdomo. Akaniziba kwa kiganja. Nisijibu haraka haraka kama watu wazima. Nifikiri kwanza. Nina muda mpaka aitwe.

Basi nafikiri. Nikisema ndiyo, je, ni kwa ajili ya yule dirishani? Nikisema hapana, si kwa kuwa leo panawasha? Nimejaribu kuyaondoa yote mawili nione kinachobaki. Tangu Jumamosi kimya changu kimerudi, kile nilichokionea uchungu. Nilidhani nitapumzika nacho. Badala yake nimekuwa nikienda chumba hadi chumba nikigusa vitu—bomba, mlango, kifuniko cha sufuria—nijue kama vinasema. Jana, mvua ilipokuwa ikinyesha, niliweka kiganja kwenye kioo cha dirisha. Kilitetemeka kidogo. Kidogo tu!

Lakini hilo ni langu, mzee. Fuvu la leo ni lake.

Mlango umefunguliwa. Muuguzi mwenye kofia ya kijani anaita. Naona midomo tu. Binti ameanza kuja. Nimemgusa Chiriku begani, nimemwonyesha mlango.

Ameshauona. Hautazami. Anatazama mdomo wangu.