Spika ya Marijani na Koo Langu

Jumatatu, 21 Julai 2025
Daktari kasema nyuzi za sauti zina vinundu. Kupigia kelele darasa la watoto mia na ushee mwaka hadi mwaka — haya ndiyo malipo yake. Marufuku kupaza sauti mpaka anione tena mwezi ujao. Nyumbani ruhusa kuongea kidogo, tena polepole. Visiposinyaa, kisu.

Mwalimu Mkuu, Mama Auleria, kanionea huruma kwa namna yake: nikishindwa, Darasa la Sita atampa mwingine, mie nitunze stoo ya vitabu. Stoo! Mie Atuganile niliyezoea kusikika mpaka barabarani. Nimelia, tena kimyakimya, maana hata kulia kwa sauti siruhusiwi.

Jumatano, 23 Julai
Jirani yangu Marijani anauza dawa ya panya pale sokoni Rangi Tatu. Leo nimemkuta amekaa anatafuna karanga, spika inamfanyia kazi: panya, mende, kunguni, viroboto... Sauti yake mwenyewe. Alirekodi mara moja, inazunguka kutwa, koo lake zima. Nikasimama pale kama mteja. Mbona sikuwaza hili siku zote?

Nimemwandikia kwenye simu: naomba uniazime spika. Kasema anayo ya akiba. "Chukua tu, Mwalimu. Ulimfundisha mwanangu kusoma, mie nitakunyima spika?" Mungu ambariki huyu mtu.

Alhamisi, 24 Julai
Jana jioni nimerekodi somo la mzunguko wa damu, nimejifunika shuka ili muziki wa singeli wa majirani usiingie.

Leo nimeingia na spika mkononi. Darasa likasimama: shikamoo mwalimu! Nikabonyeza. Spika ikaitikia marahaba, ikawauliza hamjambo, kisha moja kwa moja kwenye moyo na vyumba vyake vinne. Watoto wamesimama. Wanaandika wamesimama, daftari kiganjani. Nawaonyesha kwa mkono wakae, wao macho kwenye spika. Sikurekodi "kaeni". Na nani akae kabla mwalimu hajasema? Nimecheka mpaka machozi, bila sauti.

Somo likaisha. Kumbe sikufuta tangazo la Marijani kwenye kadi ya spika, likafuatia. Mende, kunguni, viroboto! Hiyo wameishika kuliko moyo.

Jumanne, 29 Julai
"Kaeni" nimeiweka.

Mwajabu wa dawati la nyuma, ambaye hajawahi kuninyooshea hata kidole — leo kanyoosha mkono. Kaomba irudishwe pale damu inapokwenda kwenye mapafu. Nimerudisha. Kaomba tena. Mara ya tatu wenzake wakaguna, hakujali. Halafu akaenda ubaoni mwenyewe akachora. Mishale yote sahihi.

Wakati wa mapumziko nimemwandikia kwenye karatasi: kwa nini hukuwahi kuniuliza? Akatazama chini.

"Mwalimu, wewe unachokaga. Hii haichoki."

Imeniuma. Halafu nikashukuru, maana ni kweli. Ningekuwa na sauti yangu nisingemjua huyu mtoto. Asante Mungu hata kwa koo bovu.

Alhamisi, 14 Agosti
Sasa Mwajabu ndiye fundi wa spika. Anasimamisha, anawaeleza wenzake kwa maneno yake, anaendelea. Mie nazunguka katikati ya madawati nasahihisha — nafika hata kwa wa mwisho kabisa, jambo ambalo sikuwahi kuliweza. Mama Auleria kachungulia dirishani, kaomba nimrushie Mwalimu Clara wa mkondo B rekodi zote. Nimefurahi. Ila habari ya stoo hajaifuta.

Jumatatu, 18 Agosti
Nimetoka kwa daktari. Vinundu vimesinyaa! Kasema leo nijaribu darasani, maneno machache, nisilazimishe. Sauti ikikatika, ni upasuaji.

Niko ofisi ya walimu. Kengele imeshalia, nimebaki kwenye kiti, naandika. Naogopa. Ng'ambo ya ukuta Mwajabu ameshawasha spika. Naisikia sauti yangu ile ya chini ya shuka: marahaba, hamjambo, kaeni.

Sisikii madawati yakilia kwa kukaliwa.

Mwajabu yuko mlangoni. Anasema wamekataa kukaa. Wamesikia nimerudi kutoka hospitali, wanataka niwaambie mwenyewe.

Nimekunywa maji. Neno lenyewe ni moja tu. Nimelijaribu mdomoni bila sauti. Huko darasani bado wamesimama, na Mwajabu bado ameshika mlango, ananisubiri.