Mbuzi Ananishinda Kazi

Mpendwa Shangazi Naomi, naomba msaada kabla ya Ijumaa, maana Ijumaa mbuzi anachinjwa.

Mimi ni Wegesa, mhudumu wa nyumba ya kuwasaidia watu waache pombe, hapa Kitaji, Musoma, na mwezi uliopita msimamizi wetu, Pastory, alirudi kutoka semina Bunda na fomu mpya, ambayo swali lake la tisa linatutaka tumuulize kila mteja kama amewahi kupatwa na jambo lililomuumiza moyo, sasa Shangazi, wateja wangu ni wazee wa umri wa baba yangu, ambaye naye gongo ilimmaliza na hatukumuuliza kitu, nitaanzia wapi, basi ilipofika zamu ya mzee Mwikwabe nikafanya kama nyumbani kwetu, ambako mkwe haulizwi jambo zito usoni, anaulizwa kuku na mkwe anasikia, ila kuku sikuwa naye, nikamgeukia mbuzi ambaye mke wa mzee alituletea kama shukrani kutoka Butiama, nikamsomea swali la tisa.

Mzee akamjibu mbuzi. Alimweleza jinsi shimo la dhahabu la Buhemba lilivyoporomoka, yeye akatoka, mdogo wake Mugeta akabaki, na tangu hapo hakuwahi kulala bila kunywa mpaka alipokuja kwetu. Nililia.

Kesho yake nikakuta foleni ya watu sita, kila mmoja na majani mkononi. Sasa mbuzi ana ratiba. Mzee Stanislausi amelalamika kwa maandishi kwamba mbuzi alimtafunia fomu akiwa katikati ya habari za ndoa yake, na mwingine anadai beberu, eti mambo yake ni ya kiume. Pastory hajui kitu, amenisifu kwa fomu zilizojaa, halafu akatangaza kwamba Ijumaa, kwenye sherehe ya wanaohitimu, mbuzi huyo ndiye kitoweo. Mzee Mwikwabe akaniambia taratibu, "Mkimchinja huyo, mimi narudi kunywa. Yeye ananisikilizaga mpaka mwisho."

Nimfiche mbuzi, au niseme ukweli nifukuzwe?

Wegesa, Kitaji

JIBU

Wegesa, nimecheka mpaka chai ikapoa, kisha nikasoma tena nikaacha kucheka.

Mbuzi hana cheti, lakini hakumkatiza mzee wala hakumwambia ajikaze kiume. Kosa ni lako wewe. Umewaacha watu wafungue vidonda mbele ya foleni, halafu wanarudi bwenini peke yao. Swali la tisa halisomwi kama tangazo la maji kukatika. Kaa na mzee faraghani, macho yenu yawe kwenye kazi yoyote, hata kuchambua dagaa. Mwombe ruhusa kwanza, mweleze kwa nini unauliza, na kwamba akikataa huduma yake haipungui. Akikubali, usimchimbe, huyo ameshafukiwa mara moja. Akimaliza kaa naye, na likikuzidi, mkubaliane umpeleke kwa mtaalamu.

Pastory mwambie leo, kabla kisu hakijanolewa. Akifoka, mkumbushe kwamba semina ilimpa karatasi, haikumpa namna ya kuuliza. Ijumaa mle wali maharage. Mbuzi aachwe hapo uani, bila ratiba, mzee amwone.

Jambo la mwisho. Baba yako umemtaja kwa nusu mstari, kisha ukakimbilia kwa mbuzi. Naomba ruhusa nikuulize: ilikuwaje kwenu? Si lazima unijibu. Ukitaka, niandikie. Sina haraka, wala sitafuni karatasi.