Kikombe cha Maji Hadi Dirishani

Nyumbani kwetu,
Nyumba ya kona, mlango wa buluu,
Jumanne, tarehe 14 Mei.

Mpendwa mdogo wangu, Mbayuwayu,

Kabla ya yote pokea salamu zangu, na nyuma yangu salamu za nyumba nzima. Natumaini barua hii itakukuta umeketi na umekula. Sisi huku kwa jumla hatujambo. Presha ya Mama imetulia tangu aache kubishana na redio. Shemeji yako yuko kazini, anatengeneza majokofu ya watu na kuja kulalamika vidole vimekufa ganzi. Mpwa wako ameng'oka meno ya mbele na sasa anajiona mzee wa ukoo. Nami ni mzima, isipokuwa usingizi, na sababu yake utaiona hapa chini.

Je, wewe hujambo? Nauliza kwa kuwa adabu inataka niulize, maana jibu lako nalijua: utasema hujambo kabisa. Ndiyo maana naandika.

Barua hii ataileta jirani yetu mwuguzi, anayerudi kazini huko keshokutwa. Nimechagua karatasi kwa sababu simu ya nyumba hii ina masikio mengi, na wewe ukiwa kwenye simu ni hodari wa kumkata mtu kauli kwa kicheko. Karatasi haikatwi kauli.

Kama ujuavyo, hospitali mbili za nje zimekubali kuniajiri katika kazi yangu ya kutengeneza viungo bandia: moja iko katika nchi yako, nyingine katika ile nchi ya joto ambako hatuna hata mtu wa kutuonyesha duka la mkate. Zote zinataka jibu Ijumaa ya wiki ijayo. Nikishatia saini, hakuna kurudi nyuma. Nyumba tunaikabidhi kwa mwenyewe, Mama anahamia kwa Shangazi, mtoto anaiacha shule yake, na shemeji yako anawaacha wateja aliowapata kwa jasho.

Humu ndani uamuzi ulikwisha kufanyika bila mimi. Mama hunipokea kila asubuhi kwa neno lile lile: "Damu haiachwi peke yake ugenini. Nenda alipo ndugu yako, mengine Mungu atapanga." Shemeji yako, kila akitaja baridi ya huko, sauti humpanda. "Mama, maisha yangu yote nimeingiza kichwa kwenye mafriji ya watu. Leo mnataka niingie mzima mzima, kisha mfunge mlango?" Mama hakuacha hata kuchagua mchele. "Anayeogopa baridi huvaa sweta, baba. Havai visingizio." Tulicheka, lakini vicheko vyetu siku hizi ni vifupi.

Mimi nilikuwa upande wa Mama. Nasema nilikuwa. Nilizipima nchi hizi mbili kama nipimavyo kigutu cha mguu kabla ya kuvingirisha plasta: polepole, pande zote, bila kujipa moyo. Hospitali ya huko kwako ina karakana bora. Shule iko karibu. Na kila nilipofika mahali penye shaka, shaka hiyo ilizibwa na maneno yako. Huko ni salama. Huko mfanyakazi anaheshimiwa. Huko ukianguka unainuliwa. Neno hili la mwisho ulilisema wakati wa mvua, bila mtu kukuuliza, na mimi, ninayejisifu kwa umakini, sikujiuliza kwa nini limekuja lenyewe.

Sasa tuje kwenye Jumapili iliyopita.

Nakuomba kwanza unisikilize juu ya kazi yangu, maana nadhani sijawahi kukueleza jambo hili. Mgonjwa anapovaa mguu mpya, simwulizi kama unamuuma. Zamani niliuliza, na wote walijibu haumi. Hujibu hivyo kwa adabu. Wanaona fundi amehangaika, wanachelea kumrudisha nyuma. Kwa hiyo nampa kikombe cha maji kilichojaa, namwambia atembee hadi dirishani na kurudi. Mtu anayechunga maji husahau kuuchunga mwendo wake. Juzi tu dereva mmoja wa lori aliniapia kwamba mguu uko kama wa kuzaliwa nao. Akatembea. Maji yakamtiririka hadi kwenye kiwiko. "Mbona yanamwagika, dereva?" nikamuuliza. "Aa, daktari, kikombe chenu hiki kimejaa mno!" Tulicheka wote wawili, nikamvua mguu, nikakuta ngozi imechubuka.

Jumapili mpwa wako alikuomba umwonyeshe mtaa wenu kwenye simu ya video. Ukasita. Ukasema nje kuna ukungu. Akang'ang'ania, unamjua. Ukainuka kitandani na kwenda dirishani, simu mkononi, huku ukituhadithia habari za duka la viatu lililo ng'ambo ya barabara. Uliichunga hadithi, ukasahau mwendo. Picha ikapanda ikazama, ikapanda ikazama, na kila ilipozama ilizama upande mmoja. Hatua ndefu, hatua fupi. Ndefu, fupi. Mpwa wako akapiga kelele, "Mjomba, mbona picha inaruka kama gari bovu?" Ukamjibu, "Mjomba wako amezeeka, mpwa wangu, anahitaji oili." Nyumba nzima ikaangua kicheko. Mimi nikaenda jikoni kuzima jiko ambalo halikuwa limewashwa.

Sikukimbilia hukumu. Nilijiambia huenda ni kiatu, lakini ulikuwa pekupeku. Nilisikia nyayo zako sakafuni. Nikasema labda miguu ilikuwa imekufa ganzi kwa kukaa sana. Ganzi huisha baada ya hatua chache, nawe ulirudi vile vile ulivyokwenda. Kisha nikakumbuka sauti nyingine chini ya maneno yako, ya kiganja kikisuguana na ukuta. Mtu mzima wa miguu yote haushiki ukuta wa chumba chake mwenyewe mchana kweupe.

Baada ya hapo mengine yalijipanga yenyewe. Wewe ni fundi wa kuezeka. Tangu utotoni hukukaa chini. Jina la Mbayuwayu hatukukupa bure. Lakini tangu mvua zile hujataja paa hata moja. Ulituambia umepandishwa cheo, sasa uko ghalani unatoa vifaa, umeketi. Mama aliwatangazia majirani. Shangazi mshonaji alisema, "Afadhali, sasa atanenepa kama watu." Tulikupongeza, mdogo wangu. Tulikupigia vigelegele kwa kuanguka kwako.

Sikulaumu, wala sikuiti mwongo. Umefanya kama wagonjwa wangu: umesema haumi ili usiturudishe nyuma. Lakini mgonjwa akinificha maumivu, anayeumia ni yeye peke yake. Wewe umenificha wakati nakutumia kama kipimo, nami nimekaribia kukata nguo ya watu watatu kwa kipimo hicho.

Nieleze basi yale ambayo hakuna awezaye kunieleza isipokuwa wewe. Ulipoanguka, ni nani aliyekuinua? Msimamizi wako alikuja hospitalini, au alituma mtu akuulize lini utarudi kazini? Huko ghalani umewekwa kwa heshima, au umewekwa pembeni usionekane? Mguu ulitazamwa na mjuzi, au ulifungwa bandeji ukaambiwa upumzike? Nchi yoyote humpendeza mtu mwenye miguu miwili na nguvu zake. Mimi nataka kujua inavyomshika aliyeanguka, kwa kuwa nina mtoto, na nina mume ambaye kila siku anapanda ngazi na mashine begani.

Kuna jambo jingine, na nitaliandika waziwazi. Huenda unatuvuta huko kwa sababu umechoka kuwa peke yako na mguu huo. Kama ndivyo, ungeniomba tu. Ningekuja hata kama nchi hiyo ni ya mawe matupu. Lakini kuombwa na kunaswa si kitu kimoja, na aliyenaswa, hata na ndugu yake, hukaa akiutafuta mlango.

Hivyo sitii saini popote kabla ya kukuona ukitembea. Kama ulishikwa vizuri, nasi tunakuja huko, na Mama atakuwa ameshinda. Kama uliachwa, nachukua ile nchi ya joto, na tukipata nyumba, chumba cha kwanza kitakuwa chako. Shemeji yako nimekwisha mwambia, naye hakubisha. Alisema neno moja tu, "Aje." Kukushika nitakushika. Swali lililobaki ni nitakushikia wapi.

Jumapili hii Mama atakuwa kwa Shangazi, na mtoto atakuwa naye. Nitapiga mwenyewe. Usinieleze chochote kwanza. Egemeza simu kwenye kitu mezani, nikuone kuanzia kichwani hadi nyayo. Kunja suruali. Jaza kikombe maji hadi ukingoni, kisha nenda dirishani na urudi, bila kushika ukuta. Maji yakimwagika, usiyafute kabla sijayaona.

Mama anakusalimu sana, na bado anajivunia ghala lako. Sijamwambia, na sitamwambia kabla yako. Shemeji yako anakusalimu. Shangazi anauliza kama umenenepa. Mpwa wako amekuchorea mbayuwayu mwenye meno, mchoro umo humu kwenye bahasha. Nisalimie kinyozi unayeishi naye, ambaye bila shaka alilijua hili kabla yangu, na umwambie namshukuru kwa kila siku aliyokuletea chakula kitandani, kama alikuletea.

Mungu akupe subira, auweke mkono wake palipo na maumivu, na akutoe aibu isiyo yako.

Ni mimi, dada yako,
nikupendaye hata ukichechemea.