Mama Ongeza na Jiko Lililozimwa

Mwaka umetimia, mama, tangu ututoke, na mpaka leo tunabishana juu ya tumbo lako. Tunakueleza ukweli, maana hata ungekuwepo usingetuvumilia tukipamba maneno.

Ulikuwa mpishi wa shule. Watoto walikuita Mama Ongeza, kwa kuwa aliyerudi na sahani tupu hukumuuliza kitu, ulimwongezea tu. Mwalimu mkuu alipolalamika kwamba unawashibisha mno wanasinzia darasani, ulimjibu, "Mwenye njaa naye hasikii somo, mwalimu. Afadhali huyu anayeota."

Kisha saratani iliyoanzia kwenye ovari ikaufikia utumbo, ukaziba. Daktari alisema upasuaji hautakusaidia, na kwamba usile. Ukaomba kurudi nyumbani. Ulirudi na mrija puani, unaotoa maji ya tumboni hadi kwenye mfuko kando ya kitanda, na kisindano chini ya ngozi ya mkono cha kupitishia dawa za maumivu na kichefuchefu.

Muuguzi aliyekuja kukuangalia alituchanganya zaidi. Alisema unaweza kuonja unachopenda, kidogo kidogo, kitakachoshuka kitatoka kwa mrija.

"Sasa ale au asile?" baba aliuliza.

"Aonje."

Baba yetu ni fundi saa, anataka kila kitu kikae mahali pake. Alitoka nje akakaa kwenye ngazi, ameshika kichwa.

Sisi tukaamua letu. Tulizima jiko ili harufu isikutese, tukahamishia masufuria kwa jirani. Tulikula huko tumesimama, mmoja mmoja, kama wezi, tukapiga mswaki kabla ya kuingia chumbani kwako. Wala hukutushukuru. "Nyumba gani hii haina harufu ya kitunguu? Mmeshanizika?"

Ukaagiza kitanda kisogezwe hadi mlango wa jikoni. Kitindamimba wako alikaanga vitunguu huku ukimwita kila jina ila lake. Ukaonja mchuzi, ukafumba macho. "Chumvi hii mmetia kwa kukisia!" Tulicheka sana siku ile. Baada ya muda mchuzi ulionekana kwenye mfuko, nawe hukuutazama hata mara moja.

Aliyeutazama ni mjomba, kaka yako. Akasema mbele ya wote, "Mnamuua dada yangu kwa njaa." Muuguzi alimweleza kwa subira kwamba utumbo hauwezi tena kupokea, kwamba kinachokumaliza ni ugonjwa, si njaa, na kukulazimisha kula kungekuzidishia maumivu. Yaliingia sikio hili yakatokea lile. Ndipo ukamshika mkono.

"Kaka, sina njaa. Niulize mimi, si ndiye mwenye tumbo?"

Mjomba akavuta kiti akaketi kando yako. Sote tukashusha pumzi.

Ulituaga nyumbani, mchana, bila kutapika wala kulia kwa maumivu, na jikoni kukipikwa. Tunashukuru kwa hilo. Muuguzi tunamwamini, na tukiwa na akili zetu tunajua alisema kweli. Lakini tukikaa mezani tunachanganyikiwa upya, mama. Tulipokuwa wadogo, chakula kilipopungua ulitupakulia chote, ukakaa pembeni na kikombe chako cha maji, ukatuambia, "Kuleni wanangu, mimi sina njaa." Tulikuamini, tukala tukamaliza. Tulikuja kuelewa tukiwa watu wazima. Sasa ile mara ya mwisho, ulikuwa unasema kweli, au ulikuwa unatupakulia?

Unakumbukwa na mumeo, ambaye sasa anapika mwenyewe na hataki kusaidiwa. Na kaka yako, ambaye bado hataki kulizungumzia. Na binti zako wawili, kitindamimba wako, wakwe na wajukuu. Na watoto wa shule, ambao mpishi mpya anasema hawampi raha kwa kudai waongezewe.

Pumzika, mama yetu. Maadamu tunaishi, hutatutoka moyoni.