Watu Waliosafiri Disemba

Nekesa,

Shuleni tulifundishwa kwamba barua huanza kwa kuuliza hali ya anayeandikiwa. Yako naijua. Udongo wa kwanza uliotupwa juu yako, kiganja kimoja kilikuwa changu. Basi nitaanza na habari, nayo ni mbaya: darasa letu limekufa.

Nimetafuta njia ya kukuambia polepole, sikuipata. Vyuo vitatu vimerudi kila kimoja nyuma ya geti lake, na ule ukumbi wa kanisa tuliokuwa tukifundishia Jumamosi sasa ni wa mafunzo ya ususi. Jumamosi iliyopita nilichungulia. Ubao umegeuzwa ukutani, na wasichana wameutundikia nywele za kusuka. Mmoja akaniuliza, "Guka, umepotea ama umekuja kunyolewa?" Wakacheka. Mimi pia nilicheka, kisha nikaondoka.

Aliyeliua darasa ni mimi. Nataka ulisikie kutoka kwangu, kwa utaratibu, jinsi ulivyopenda mambo yaelezwe.

Unakumbuka siku uliyokuja mara ya kwanza? Ulitembea kutoka mtaa wenu wa Kianda hadi steji ya Kawangware 56, ukapanda ngazi za chuo chetu juu ya duka la hardware, mkononi una karatasi ya manila iliyokunjwa. Wanafunzi wako wa afya ya jamii walikuwa wamehesabu wagonjwa wa kuhara katika kliniki za Kianda na Kambi Muru, wiki baada ya wiki, na wewe ukauchora mstari wao unaopanda na kushuka. Uliniuliza kama mstari ule ungeweza kusema kesho utaelekea wapi. Nikakuchorea visanduku vitatu: wanaoweza kuugua, wanaougua, waliopona; na mishale kati yao. Uliifuata mishale kwa kidole. Ukasema, "Miaka yote hii nilidhani hesabu ni ya watu wasiopenda watu."

Baada ya mwezi uliacha kuniita Mwalimu. Ukaniita Guka, babu kwa lugha ya mama yangu, na ulivyolitamka neno lile kwa ulimi wako wa Kibukusu lilikuwa kama jina jipya. Wanafunzi wakalishika. Sasa hata wasionijua huniita hivyo.

Chuo chako kilikuwa na miguu, changu kilikuwa na chaki, na kile cha tatu, cha ghorofa nne, kilikuwa na kompyuta. Uliona jambo ambalo wakuu wa vyuo hawakuliona, kwamba hakuna hata kimoja kingeweza kufundisha hisabati ya biolojia peke yake. Wao waliogopa kuibiana wanafunzi. Wewe ukawaomba Jumamosi moja, kisha nyingine, mpaka wakasahau kukataa. Walipogombana jina la chuo gani litangulie kwenye cheti, uliyaandika yote matatu kwa mduara ili pasiwe na la kwanza. Mkuu wa chuo cha ghorofa nne akaichukua karatasi, akaizungusha taratibu mpaka jina la chuo chake likawa juu, akasema, "Hivi sawa." Tulicheka njia nzima mpaka Ngong Road.

Mwaka wenyewe ulikuwa mzuri. Wanafunzi wako walikusanya, wangu wakatengeneza milinganyo, wa chuo cha tatu wakaiendesha kwenye kompyuta. Wanafunzi wangu walijifunza kubisha hodi. Wako wakajifunza kutoogopa herufi. Achieng, yule wako wa Kambi Muru aliyetaka kusomea mbu, aliniambia siku moja, "Guka, hii calculus ni story tu, ni vile mnaificha." Nilienda kulala nikiwa na furaha ya kijana.

Kisha tukaanza ile kazi ya maji. Wenye vibanda vya maji walikubali kutia dawa ya kuua vijidudu kwenye matangi yao, nasi tukasubiri tuone kama kuhara kutapungua. Dawa ilianza Novemba. Disemba ulisafiri kwenu kama kila mwaka, ukaniachia madaftari yote ya wanafunzi, ambayo wachache waliobaki wangeendelea kuyajaza nyumba kwa nyumba, na orodha ya kliniki ambazo wahudumu wake wangeendelea kutuletea hesabu.

Mimi nilibaki. Unajua kwa nini. Nilikusimulia habari ya shamba letu mara moja tu, na hukuniuliza tena: jinsi tulivyotoka alfajiri na godoro moja na mfuko wa vitabu, na jinsi nilivyosikia baadaye kwamba mahindi yetu yalivunwa na waliotufukuza. Waliozaliwa mwaka ule sasa wana watoto wao. Tangu hapo sina mahali pa kwenda Disemba. Ni mwezi kama Mei. Sinunui tiketi, sifungi mzigo, na kwa kuwa sifanyi hivyo, nilikuwa nimeacha kuona kwamba wengine hufanya.

Disemba ile ploti yetu ilikuwa kimya. Bombani hapakuwa na foleni. Redio ya jirani haikulia, watoto hawakugonga mpira kwenye mabati yangu. Nami nikamshukuru Mungu kwa utulivu, nikafanya hesabu. Nilifurahia ukimya ule bila kujiuliza watu wako wapi. Kwenye mstari wa kwanza wa kazi yetu niliandika kwa mwandiko wangu mzuri kwamba idadi ya watu haibadiliki. Ndivyo vitabu huanza. Ndivyo nilivyofundisha maisha yangu yote.

Wagonjwa wakapungua. Mstari ukaanguka kama jiwe. Nikaona dawa imefanya kazi.

Uliporudi Januari ulikuwa tayari umevimba miguu, na sote tulidhani ni uchovu wa safari. Nilikuletea matokeo chumbani kwako Kianda kabla hujafungua begi. Ulisoma ukiwa umekaa kitandani. Ukauliza, "Guka, una hakika?" Nami nikakujibu kwa kiburi cha mtu aliyefundisha miaka mingi kuliko umri wako, "Binti yangu, hesabu haina upendeleo." Ukatia sahihi chini ya yangu.

Hilo swali lako. Mpaka leo sijui kama uliuliza kwa kujua, au ulikuwa tu umechoka na unataka kulala.

Wagonjwa walipoanza kuongezeka tena, nilisema wenye vibanda wamekuwa wavivu wa kutia dawa. Nilikuwa na jibu la kila kitu. Ripoti ikasomwa katika vyuo vyote vitatu. Wakuu wakapiga picha wakiwa wameshikana mikono, na wakakubaliana kwamba darasa la Jumamosi liwe kozi kamili. Wahudumu wa afya wakapita mitaani wakiwaambia akina mama kwamba maji ya vibanda vile hayahitaji tena kuchemshwa. Makaa ni shida, unajua. Waliitikia mara moja.

Wewe ukalazwa. Figo, walituambia, na zilikuwa zimekwisha muda mrefu kabla hujalalamika. Siku ya mwisho niliyokuona ulitaka kujua kama Achieng amemaliza zoezi lake. Nilikwambia amemaliza. Hakuwa amemaliza, lakini ndilo jambo pekee nililokudanganya kwa kujua.

Sasa sikiliza. Siku ya mazishi nilikaa kwenye kiti cha plastiki chini ya hema, nyumbani kwenu, sahani ya wali magotini. Pembeni yangu alikuwa Mama Wafula, yule anayeuza mandazi mlangoni pa chuo chako. Alinitazama nikishangaa watu wengi ninaowafahamu kwa sura, akasema, "Hawa umewaona ni wachache, Guka. Ungekuja Disemba. Kianda yote huwa huku. Nairobi tunaachia panya."

Kaka yako alikuwa akigawa chai. Akasema, bila ubaya wowote, "Na Disemba hii mlituletea na zawadi. Watoto wa Nairobi walishuka kwenye mabasi wakihara. Sisi huku tulikesha nao mpaka mwaka mpya."

Nikaweka sahani chini. Niliona visanduku vyangu vitatu, na niliona kwamba havikuwa na mlango. Mtu angeweza kuugua humo na kupona humo, lakini hakuweza kuondoka. Na watu waliondoka, Nekesa. Waliondoka wazima na wagonjwa, na maradhi yakaondoka nao, na mimi niliyebaki peke yangu nikaandika kwamba yamekwisha.

Baadaye, walipokuwa wanakuteremsha kaburini, mimi nilikuwa napiga hesabu. Wimbo ulioimbwa siukumbuki. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote, na ni lako peke yako kulijua.

Niliporudi nilifungua madaftari upya. Kwenye nyumba baada ya nyumba, wanafunzi waliobaki walikuwa wameandika "pamefungwa." Kurasa nzima. Nilikuwa nimeziruka kwa sababu hazikuwa na namba. Nilirudia hesabu, safari hii nikiwaacha watu waende na warudi, na hakukubaki kitu. Dawa ile, kwa kiasi kile walichotia, hatuwezi kusema ilimkinga yeyote.

Nikapeleka karatasi kwa wakuu watatu. Walinisikiliza vizuri. Yule wa chuo cha ghorofa nne akafunga mlango, akaniambia kwa upole, kwa upole wa kweli, "Mzee, aliyesimamia ukusanyaji ni marehemu. Tuandike kwamba takwimu za mitaani zilikuwa na kasoro. Yeye hataumia. Kozi itaendelea, na tutaipa jina lake."

Mkuu wa chuo changu aliangalia dirishani. Nikamgeukia mama anayeongoza chuo chako, nikitumaini atakasirika. Alikuwa analia. Akasema, "Nekesa angekubali."

Nilienda nyumbani na maneno hayo, na nilikusikia, wazi kama ulikuwa mlangoni: "Weka jina langu, Guka. Watoto wasome." Ndivyo ungesema. Ulikuwa mtu wa kuacha kiti chako kwa yeyote. Lakini mimi ndimi niliyekuwa na haja ya kuyasikia maneno hayo. Nikaogopa kwamba sauti ile ni yangu, nimekuvika wewe. Nilikwishajiaminisha mara moja, Disemba, katika chumba kilekile, kwamba hesabu imetoka jinsi nilivyotaka.

Nikaandika kwamba kosa ni langu, kuanzia mstari wa kwanza, na kwamba takwimu zako zilikuwa sahihi na kamili hata pale palipoandikwa "pamefungwa." Nikatia sahihi moja.

Chuo cha ghorofa nne kilijiondoa wiki hiyo; hakikutaka jina lake likae na mzee asiyejua kuhesabu watu. Wangu wakafuata, nami wakanipa barua ya kunishukuru kwa utumishi. Wako walijaribu kuendelea, lakini miguu bila chaki wala kompyuta ni kutembea tu. Wanafunzi wakatawanyika. Nilikutana na Achieng pale steji ya 56. Anauza line za simu. Nikamwambia ilinibidi kusema ukweli. Alinitazama kwa heshima, na afadhali angenitukana. Akasema, "Najua, Guka. Teacher Nekesa amebaki clean. Ni sisi tumebaki bila course."

Nimelipima jambo hili kila upande na halilingani. Niliokoa jina lako kwa kuua kitu pekee ulichotaka kibaki, na kila mtu niliyemsoma katika vitabu vyangu aliyefanya kama mimi aliitwa mwadilifu, na hakuna kitabu kilichomuuliza marehemu.

Kazi iliyobaki ni ndogo. Asubuhi navuka kutoka Kawangware, nafika Kianda, nabisha hodi, nasema: maji ya kibanda yachemsheni, sisi tulikosea. Wengine hunipa kigoda. Wengine wananiambia, "Mlisema tuache, saa hii mnasema turudie. Kesho mtakuja na gani?" Mama mmoja alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza ni nani hasa aliyekosea. Nikamwambia ni mimi. Akasema mtoto wake alilazwa wiki mbili, kisha akafunga mlango, taratibu, bila kuubamiza.

Darasa siwezi kukuahidi. Nimetafuta la kukuahidi na sijapata kubwa. Nakuahidi hili tu: atakayeuliza nani alikosea, nitamtajia jina langu kabla hajamaliza swali, katika kila mlango nitakaofika, maadamu naweza kusimama. Kianda nimeimaliza. Kesho naanza Kambi Muru.

Mulembe, Nekesa, amani, kama msemavyo kwenu. Kama ulitaka kulitoa jina lako na mimi nikakuzuia, nisamehe. Sikuwa na mtu wa kumuuliza isipokuwa wewe.

Guka