Pedali ya Cherehani Yangu

Baba Jemimah,

Mboga ya chinsaga iko kwenye chungu, ugali songa mwenyewe. ~~Nitarudi jioni.~~ Nitarudi nikirudi.

Asubuhi nimekaa nishone sare za kwaya, mguu ukagonga sakafu. Pedali hakuna! Nimeikuta chini ya gitaa lako, umeifunga kwa waya wa breki za baiskeli ili ukikanyaga ivute nyuzi. Na jana ulipolipiga nililia, mimi mjinga, nikakuuliza utamu huo umeutoa wapi. Ukanijibu, "Ni mapenzi, mama."

Kuifungua nimeshindwa, nimekwenda Marani kuomba cherehani kwa Chandrakala wa duka la vitambaa. Ndama afungwe.

Kile chuma unachotelezesha juu ya nyuzi usikitafute. Ninacho, kinanishikilia kitambaa nikikata. Ukiniuliza kwa nini, ni mapenzi.

Mama Jemimah